Daraja na Nusu Daraja: Mzozo wa Kupima Sarafu za Kale, Ukitazamwa kutoka Butembo na Beni

Sidhani kama pana mahali pengi ulimwenguni ambapo noti ya dola hukaguliwa kwa jicho kali kama katika miji yetu hii miwili ya Butembo na Beni. Mwenye duka auzaye vitambaa vilivyotoka Guangzhou au Dubai, mnunuzi wa kakao, na kambisti akaaye pembeni mwa barabara na mabunda yake ya faranga yaliyofungwa kwa mpira, kila mmoja wao akipewa dola mia huinyosha kwa vidole vya mikono miwili, huiinua kuelekea nuru, kisha hupitisha ukucha pembezoni mwake kote akitafuta mpasuko ambao mgeni asingeuona hata lau angeonyeshwa. Akisha kutoka hapo hutazama mwaka ulioandikwa, akazitenga zile za zamani zenye kichwa kidogo, zilizotangulia mabadiliko ya 1996, akatafuta doa la wino, na alama ya muhuri, na mkunjo ulioanza kukatika. Na kasoro moja ikionekana, basi noti hiyo ni ya kupunguziwa bei au ya kurudishwa mkononi mwa mwenyewe. Haya yote hutendeka ilhali Marekani haijaiondoa noti yake yoyote katika malipo halali, na ofisi yake ihusikayo hulipa thamani kamili ya noti iliyoharibika maadamu zaidi ya nusu yake ingaliko na yatambulikana. Na mtu yule yule aliyeikataa dola kwa mpasuko wa milimita mbili, dakika hiyo hiyo hupokea pasipo kinyongo noti ya faranga mia ya Kongo iliyochakaa hata ndovu aliyechorwa humo hana tena mkonga.

Nimetanguliza noti hali maudhui yangu ni sarafu za kukusanywa, nami nina sababu. Kanuni ya soko letu juu ya dola ina daraja mbili tu, njema na mbovu, nayo ni kali hata kukaribia dhulma. Lakini ina fadhila moja isiyo haba, kwamba makambisti kadha wa kadha wasiojuana, ukiwapitishia noti moja kwa zamu, aghalabu watatoa hukumu moja. Huko Marekani na Ulaya wakusanyaji wa sarafu za kale wamejenga ngazi ya daraja sabini, kisha wakaona sabini hazitoshi, wakaongeza alama ya kujumlisha, na nyota, na herufi za rangi, na vibandiko vya kijani na vya dhahabu. Na hadi leo hawajaacha kubishana kama nyongeza hizo ni elimu ya kweli au ni mlango mwingine wa biashara. Mzozo huo waonekana kuwa wa mbali nasi, walakini watu wa huku wanazo sarafu sandukuni, na wanunuzi waulizia sarafu hizo kutoka mbali, hivyo ni kheri tuujue mapema kabla haujatufikia kwa njia ya hasara.

Yafaa kwanza msomaji aelewe kwamba sarafu ya kukusanywa haipati bei yake kwa madini yake peke yake, wala kwa ukongwe wake peke yake. Iko sarafu ya Roma ya kale iliyotimiza miaka elfu na mia saba ambayo huuzwa kwa dola chache, kwa kuwa ndugu zake zimejaa ardhini. Na iko sarafu ya juzi ambayo bei yake hununua nyumba. Mambo yanayoamua ni uchache wake, wingi wa wanaoitaka, na hali yake, yaani kadiri ilivyosalimika tangu siku ilipotoka chini ya chapa. Sarafu mbili zilizopigwa saa moja, kwa mashine moja, moja ikatiwa kabatini na nyingine ikazunguka sokoni miaka ishirini, baadaye huweza kutengana kwa bei mara mia. Na kwa kuwa hali ndiyo ibishaniwayo kuliko uchache na hitaji, ndipo ilipozaliwa kazi ya kuipa daraja.

Nchi yetu nayo ina hazina yake katika jambo hili. Mwaka 1887, chini ya Leopold wa Pili, Dola Huru ya Kongo ilipata sarafu zake za kwanza: za shaba zenye tundu katikati na nyota, kuanzia sentimu moja hadi kumi, na za fedha kuanzia sentimu hamsini hadi faranga tano, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na upande wa pili maneno yanayonadi Kazi na Maendeleo, ambayo kila ajuaye habari za mpira na mikono iliyokatwa huyasoma kwa uchungu. Baada ya serikali ya Ubelgiji kuitwaa koloni mwaka 1908 zikaja sarafu nyingine za tundu na nyota, kisha zenye mchikichi katika miaka ya 1920, kisha faranga tano za simba za 1936 na 1937. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji mwezi wa Mei 1940, kiwanda cha Brussels hakikuweza tena kuihudumia koloni, ndipo sarafu zetu zikapigwa mbali: faranga mbili za shaba ya manjano zenye pembe sita, za mwaka 1943, zilipigwa Philadelphia huko Marekani, na faranga hamsini za fedha za mwaka 1944 zilipigwa Pretoria, zote mbili zikiwa na ndovu. Katanga ilipojitenga ikapiga zake mwaka 1961, zenye mkungu wa ndizi na ule msalaba wa shaba ambao watu wa kusini walikuwa wakilipia mahari na deni kabla ya Mzungu kufika.

Leo faranga ya Kongo iliyoanzishwa mwaka 1998 ni karatasi tupu katika matumizi ya kila siku, hata kijana wa Butembo akitaka kusikia mlio wa sarafu mfukoni hana budi kungoja shilingi za Uganda zivukazo mpaka wa Kasindi. Kwa hiyo sarafu kwetu imekuwa kitu cha wazee. Yakaa chini ya sanduku pamoja na kitabu cha kodi na picha ya harusi, mpaka mzee afariki na wajukuu wafungue.

Turudi kwenye daraja. Kuzikagua sarafu kwa kuhesabu sehemu zake si uvumbuzi wa Wamarekani. Katika biashara ya Bahari ya Shamu, Arabuni na Uhabeshi, fedha iliyoaminiwa kwa muda mrefu ilikuwa ni riyali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye uzito wa gramu 28 na ushei, nayo ilifika pwani yetu hadi Unguja. Na kwa kuwa wafanyabiashara hawakukubali sura nyingine, mwaka 1780 ulioandikwa juu yake haukubadilishwa kamwe, hata ilipopigwa Vienna, Roma, London, Paris, Brussels na Bombay katika karne ya ishirini. Mfanyabiashara mwangalifu alipoipokea alitazama lulu zilizo kwenye taji la malkia na zile za kipini cha begani, akazihesabu. Zikiwa hazikutimia au zimefutika, aliikataa au akadai ipunguzwe thamani. Naona fahari kidogo kwamba hukumu hiyo ya lulu ilitangulia kwa miaka mingi zile alama za "maelezo kamili" ambazo leo huko Marekani hutolewa kwa ada. Na Sayyid Barghash bin Said wa Unguja alipopiga pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, alitia mizani juu yake, nadhani kwa kuwa alijua raia zake ni watu wa kupima.

Waingereza walitumia maneno: njema, nzuri, nzuri sana, nzuri mno, isiyotumika. Wafaransa na Wabelgiji nao wana herufi zao, kuanzia B, TB na TTB hadi SUP, SPL na FDC, ambazo mkusanyaji wa Kongo asomaye orodha za mnada wa Brussels huzikuta kila ukurasa. Maneno hayo yalikuwa mapana, na upana wake ulikuwa na faida, kwa maana muuzaji na mnunuzi walijua ya kuwa neno halimalizi habari, ikabidi sarafu yenyewe itazamwe.

Namba zililetwa na William Sheldon, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani aliyependa mno senti kubwa za shaba za nchi yake zilizopigwa kati ya 1793 na 1814. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1949 alipendekeza ngazi ya kuanzia 1 hadi 70, na asili ya namba hizo, jambo ambalo wengi wazitumiao leo hawalijui, ilikuwa ni bei: aliona kwamba senti iliyochakaa kabisa ikiuzwa kwa dola moja, ndugu yake aliyesalimika kikamilifu huuzwa kwa dola sabini, na walio katikati hufuata kwa kadiri. Miaka haikupita mingi uwiano huo wa bei ukavunjika, kwani zilizo bora zilipanda mbio kuliko duni, lakini namba zikabaki zimesimama peke yake, zikaenezwa kutoka senti za shaba hadi sarafu za aina zote, kana kwamba sabini ni hesabu iliyotolewa na maumbile. (Huyu Sheldon, baada ya kufa kwake mwaka 1977, alibainika kuwa alikuwa akizitwaa senti bora za Jumuiya ya Sarafu ya Marekani iliyoko New York na kuweka zake duni mahali pake. Namtaja si kwa kumsengenya marehemu, bali kuonyesha kwamba aliyetunga ngazi alijua vema tofauti ya daraja moja na nyingine ina faida gani.)

Mwaka 1986 ilianzishwa kampuni ya PCGS, na mwaka uliofuata ile ya NGC, zikaleta jambo jipya: mtu hupeleka sarafu yake, nao waitazame wakaguzi wasiomjua mwenyewe, waipe namba, kisha waifungie ndani ya kibao cha plastiki kisichofunguka pasipo kuvunjwa, pamoja na dhamana. Siikanushi faida yake. Kabla ya hapo aghalabu muuzaji ndiye aliyekuwa hakimu wa bidhaa yake, akiiita nzuri mno alipouza na nzuri tu alipoinunua. Hakimu wa tatu aliondoa udanganyifu mwingi, na hasa aliwazuia wauza bandia. Kutoka 60 hadi 70, ambayo ndiyo milki ya sarafu zisizotumika, zikakubaliwa daraja kumi na moja, ambapo zamani watu walitosheka na mbili au tatu.

Sasa fikiri bei zinavyokaa juu ya ngazi hiyo. Tuseme sarafu fulani katika daraja la 64 huuzwa dola mia, na katika 65 huuzwa dola mia nne. Mwenye 64 iliyo karibu mno na 65 huona amedhulumiwa, naye ana haki ya kuona hivyo; basi huvunja plastiki, akaipeleka tena, na tena, hata siku moja mkaguzi mwingine, au mkaguzi yule yule aliyeamka vizuri, aiite 65. Desturi hii ni ya wazi, wala hakuna aionayo kuwa ni aibu. Kwa upande mwingine, kila mara ipelekwapo huhesabiwa upya katika orodha za kampuni zinazoonyesha ni sarafu ngapi zimepata daraja gani, kwa kuwa wengi hawairudishi karatasi ya daraja iliyokuwa ndani ya plastiki ya zamani, na hivyo sarafu moja huweza kuonekana katika hesabu kama sarafu tatu, na mnunuzi akadanganyika juu ya uchache wake.

Ndipo wakaja watetezi wa daraja laini zaidi. Mwaka 2007 kampuni iitwayo CAC, ya John Albanese ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa biashara ya plastiki, ilianza kuzitazama sarafu zilizokwisha kupewa daraja na kubandika kibandiko cha kijani juu ya zile zilizo imara katika daraja lake, na cha dhahabu juu ya zile zilizostahili daraja la juu zaidi. Maana yake, hukumu ikahukumiwa. Mwaka 2010 PCGS na NGC zikaanza kutoa alama ya kujumlisha kwa sarafu iliyo juu ndani ya daraja lake, ikapatikana 64 na 64 yenye kujumlisha. NGC ina nyota pia, kwa sarafu inayopendeza macho kupita kiasi. Na mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ya NGC, kwa ajili ya sarafu za kisasa, ikaleta ngazi nyingine ya pointi kumi, kana kwamba imeona kwamba watu wa kawaida wamechoka kupanda sabini.

Hoja ya watetezi si dhaifu, nami napenda kuitendea haki. Husema kwamba bei zenyewe zimekwisha kuzigawa sarafu ndani ya kila daraja, kwa kuwa wachuuzi wakubwa hujua 64 ipi ni ya juu na ipi ni ya chini, hivyo mjinga pekee ndiye asiyejua. Na alama ya kujumlisha humpa mjinga elimu ile ile aliyo nayo mchuuzi. Husema pia kwamba ngazi yenye vidato vifupi hupunguza maporomoko ya bei, na mtu hatakuwa na hamu tena ya kuvunja plastiki akiwinda daraja.

Ya kwanza naikubali nusu, ya pili naikataa. Mpaka ukiwekwa kati ya 64 na 65 huleta ugomvi mmoja. Ukiongeza kidato kati yao umeweka mipaka miwili, mmoja kati ya 64 na 64 yenye kujumlisha, mwingine kati ya hiyo na 65, na penye kila mpaka patasimama sarafu iliyokaribia ambayo mwenyewe ataona amedhulumiwa. Idadi ya wenye malalamiko huongezeka, na idadi ya ada zinazolipwa huongezeka pamoja nayo. Wala haifichiki kwamba ngazi ya zamani yenyewe haijasimama imara: ikiwa sarafu moja iliyopelekwa mara tatu huweza kurudi na 64, na 65, na 64, basi kosa la jicho la mwanadamu ni takriban daraja zima, na kugawa daraja hilo nusu kwa nusu ni kudai usahihi usiokuwapo.

Watu wa Beni watanielewa haraka kwa mfano wa kakao. Kipimo cha kimataifa cha kupanga kakao huchukua punje mia tatu, zikakatwa kwa urefu moja moja, zikahesabiwa zilizooza kwa ukungu, zenye rangi ya kijivu kwa kutochachuka, na zilizoliwa na wadudu au zilizoota. Daraja la kwanza halikubali ukungu kupita asilimia 3, la pili halikubali kupita 4. Mkulima akibishana na mnunuzi, punje zinaweza kukatwa tena mbele yao wote wawili. Angekuja mtu aseme kakao hii ni ya daraja la kwanza "yenye kujumlisha" kwa sababu imempendeza, sokoni angechekwa.

Kwa kutumia kipimo hicho tunaweza kuzitenga zile alama za ziada katika makundi mawili, nami nashangaa kwamba katika mabishano huwekwa katika kapu moja. Kundi la kwanza ni la zinazohesabika, yaani zile alama za "maelezo kamili" nilizozitaja. Sarafu ya senti tano ya Marekani yenye nyumba ya Jefferson hupewa alama ikiwa vidato vya ngazi ya nyumba hiyo vimeonekana vitano au sita pasipo kukatika. Ile ya senti kumi iliyopigwa tangu 1916 hadi 1945 ina fungu la fito lililofungwa kwa kamba, na kamba za katikati zikiwa zimetengana wazi hupata alama. Nusu dola ya Franklin huangaliwa mistari iliyo sehemu ya chini ya kengele. Sarafu ya senti kumi ya mwaka 1945 iliyopigwa Philadelphia ni mfano maarufu: ilipigwa kwa wingi mkubwa, na isiyotumika hupatikana kwa bei ya kawaida, lakini yenye kamba zilizotengana ni adimu mno na bei yake huruka mara nyingi juu ya nduguye, yote kwa ajili ya mfereji mwembamba unaohitaji kioo cha kukuzia ili uonekane. Mtu huweza kuiona bei hiyo kuwa upuuzi, wala sitamlaumu. Hata hivyo mfereji upo au haupo, na watu wawili wenye kioo wataafikiana. Ila yafaa ijulikane kwamba alama hizi hupima ubora wa pigo kiwandani, si utunzaji wa mwenyewe, kwa hiyo sarafu yaweza kuwa na vidato vyote sita na bado ikawa imekwaruzwa.

Rangi ya shaba imo nusu huku nusu kule. Shaba iliyobakiza asilimia 95 au zaidi ya wekundu wake wa asili huitwa nyekundu, iliyosalia na chini ya asilimia 5 huitwa kahawia, na katikati huitwa nyekundu na kahawia. Asilimia hizo hazipimwi kwa chombo bali kwa jicho, na mbaya zaidi, shaba haikai ilivyo: yageuka ndani ya plastiki yake, ndiyo sababu dhamana ya kampuni hizo kubwa juu ya rangi ya shaba imewekewa mipaka. Kwetu neno hili lina uzito maalumu, maana Butembo ni mji wa baridi juu ya vilima, lakini Beni, mwendo wa kilomita hamsini na ushei kuelekea kaskazini, iko chini, ina joto, imepakana na msitu mkubwa, na unyevu wake hugeuza shaba kwa muda mfupi.

Kundi la pili ni la alama zisizohesabika, yaani kujumlisha na nyota na "mvuto wa macho". Hizi ndizo nisizoziona kuwa ni daraja. Ni rai ya mtu mwenye uzoefu, nayo rai ya mwenye uzoefu ina thamani, bali yapasa iuzwe kwa jina lake la rai, isivikwe tarakimu ikaonekana kama uzito wa gramu.

Chukua sasa ile faranga mbili ya ndovu ya 1943, uitie kiganjani tuitazame kwa vitendo. Usiitazame ana kwa ana kwanza. Igeuze polepole chini ya taa moja, uone kama mng'ao wake watembea juu ya uso kadiri inavyogeuka, au umesimama mahali pamoja. Mng'ao utembeao ni dalili ya sarafu isiyozunguka wala kusuguliwa. Kisha tazama sehemu za ndovu zilizoinuka kuliko nyingine, ambazo ndizo zilizoguswa na vidole na sarafu wenzake kwanza: zikiwa zimebadilika rangi na kulainika, sarafu imetumika, ijapokuwa maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi yanayoizunguka yangali makali. Kisha zichunguze pembe sita, kwa kuwa sarafu yenye pembe hugonga kwa pembe, na mkunjo mdogo hapo hupunguza bei kuliko mikwaruzo mingi usoni. Mwisho tafuta mistari myembamba ielekeayo upande mmoja. Hiyo ni alama ya kitambaa, au ya majivu na ndimu, na sarafu iliyosafishwa namna hiyo, hata iking'aa kama jua, wakusanyaji huihesabu kuwa imeharibika. Nachelea siku ambapo mtu wa mbali atabuni alama ya "ndovu kamili", na wajukuu wa Butembo waanze kuhesabu mikunjo ya mkonga.

Hayo manne, mng'ao, uchakavu, pembe na usafishaji, yaweza kuandikwa kwa maneno katika mistari mitatu, na mnunuzi aliye Brussels au Kampala akiyasoma pamoja na picha atajua anunuacho kuliko angeambiwa namba. Wala kupeleka sarafu ya namna hii Marekani hakuna maana kwa mtu wa huku. Kampuni hizo hazina ofisi Butembo wala Beni. Ada ya ukaguzi, usafiri wa kwenda na kurudi na bima, ukivijumlisha, hupita bei ya faranga mbili ya ndovu iliyo ya kawaida, na bado mwenyewe atakuwa amenunua plastiki. Fedha za 1887 na zile faranga hamsini za Pretoria zikiwa katika hali nzuri ni habari nyingine, maana bandia zipo na bei yake ni kubwa kiasi cha kustahili hakimu. Hapo nami ningelipa ada, lakini ningelipia uthibitisho kwamba ni halisi, na namba ningeipokea kama nyongeza.

Basi msomaji uliyerithi sarafu, usizioshe kwa ndimu, wala majivu, wala dawa ya meno. Zitie kila moja katika karatasi yake kavu, si katika mifuko laini ya plastiki inayonata, kwa maana hiyo hutoa kemikali inayoiacha sarafu na utelezi wa kijani. Zipime kwa mizani ya kupimia dhahabu, ambayo Butembo haikosekani, uandike uzito; zipige picha nyuso zote mbili na ukingo, katika mwanga wa dirishani; na mnunuzi akikujia na namba, ya kujumlisha au isiyo ya kujumlisha, mwombe akuonyeshe kwa kidole mahali gani juu ya sarafu alipoiona. Asipoweza kukuonyesha, usiuze siku hiyo.